Mlango Usiofunguliwa kwa Nje

*Mhadhara uliotolewa mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili mjini Reading, Uingereza. Umechapwa kama ulivyosemwa, pamoja na masahihisho machache ya msemaji.*

Bi Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, walimu wenzangu, kaka na dada, nawashukuru kwa kuacha joto la nyumbani jioni ya Jumamosi mkaja kumsikiliza mtu anayezungumzia serikali. Najua pilau iko jikoni nyuma yangu. Harufu yake niliipokea mlangoni, na nitajitahidi isipoe.

Lengo langu leo ni kujibu swali moja. Mwananchi wa kawaida wa nchi hii akikabidhiwa uwaziri mkuu, angebadili nini? Waingereza huulizana swali hilo kwa kinyozi, kwenye baa na kwenye kituo cha basi, na kwa kawaida ni la kupitisha muda tu. Mimi limenikaa kichwani kwa zaidi ya miaka 20, tangu siku moja nitakayowasimulia. Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu, na ya tatu mtaniwia radhi, imejaa tarehe.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu lugha yetu. Bunge la chini la hapa, Waswahili tuliliita Bunge la Makabwela. Kabwela, mnajua, ni mtu asiye na cheo wala mali, mla kwa jasho lake. Sijui aliyetafsiri hivyo alikuwa anatania au la. Lakini ametuachia mtego mzuri: ukilisema jina hilo unalazimika kuuliza makabwela wenyewe wako wapi. Wala hawaingii kirahisi Namba 10 Downing Street, makazi ya waziri mkuu: mlango wake mweusi hauna tundu la ufunguo upande wa nje. Waziri mkuu mwenyewe hana ufunguo wa kuufungulia. Hufunguliwa na aliyeko ndani. Paka Larry, aliyehamia pale Februari 2011 na ambaye ameona mawaziri wakuu wasiopungua sita, husubiri kizingitini kama mtu mwingine yeyote.

Hoja ya kwanza: kabwela huanza na kilichoko mguuni pake

Nilipokuwa mwanafunzi nililipa ada kwa kazi ya kea, yaani kutunza wazee. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo kwa migongo yenu. Nilikuwa nazunguka majumbani kwa wazee, na mmoja wao alikuwa dereva wa treni mstaafu, upande wa Tilehurst. Ufunguo wake ulikuwa ndani ya kisanduku cha namba kilichopigiliwa ukutani, chini ya kengele. Nilipewa dakika 15: kumwamsha, kumwosha uso, dawa, chai, soksi, kuandika kwenye daftari, kutoka.

Soksi ndizo zilizokuwa na kazi. Miguu yake ilikuwa imevimba na vidole vimepandana. Ukimvalisha kama unavyojivalisha wewe, analia. Ilibidi uikunje soksi mpaka kisigino, uanze na kidole kidogo, umsubiri avute pumzi, ndipo uivute. Mimi nilijifunza siku ya tatu. Lakini wakala wa kazi alikuwa anabadilisha watu kila wiki, na kila mgeni alianza kujifunza upya kwenye miguu ile ile.

Asubuhi moja redio ilikuwa inasoma habari za uchaguzi. Nikamuuliza, kwa kuchangamsha tu, angekuwa waziri mkuu angefanya nini. Hakufikiri hata kidogo. Alisema angetunga sheria kwamba mtu anayemvalisha soksi leo ndiye atakayemvalisha kesho. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza watu, na majibu yao huwa ya kimo hicho hicho. Mwanamke niliyesimama naye kituoni alitaka basi la mwisho liondoke baada ya zamu yake ya hospitali, si kabla. Hapa Reading tumebahatika: mabasi, pamoja na lile la zambarau namba 17 lililowaleta baadhi yenu, ni mali ya halmashauri. Sehemu nyingi za Uingereza nje ya London mabasi yaliachiwa makampuni mwaka 1986, yakawa yanapita penye abiria wa kutosha na kupaacha pengine. Manchester ilianza kuyarudisha chini ya mamlaka ya umma Septemba 2023, ikamaliza Januari 2025. Wengine walinitajia daktari wa meno. Februari 2024, zahanati ya meno ilipofunguliwa mtaa wa St Pauls, Bristol, na kupokea wagonjwa wa huduma ya afya ya taifa, mamia walipanga foleni barabarani hadi polisi wakaja kuwasimamia. Hii ni nchi iliyoanzisha matibabu bila malipo kwa kila mtu tarehe 5 Julai 1948. Watu wake wanajipanga barabarani kwa ajili ya jino.

Nisiwafiche jibu jingine, maana naona mnalisubiri. Wengi waliniambia wangepunguza wageni. Waliniambia mimi, usoni, kwa adabu kabisa, na wakaongeza kwamba hawakumaanisha mimi. (Kicheko ukumbini.) Mnacheka kwa kuwa mmeambiwa pia. Serikali iliwasikia: Julai 2025 ilifunga mlango wa viza kwa wafanyakazi wapya wa kea kutoka ng'ambo. Sasa mrudieni yule mzee wa Tilehurst. Anataka mtu yule yule kila asubuhi. Anayeujua mguu wake ametoka Mombasa, Harare au Kerala. Mzee huyu huyu angeweza kupiga kura ya kumzuia asije, kisha akalalamika kwamba soksi zinavalishwa vibaya. Sisemi hivyo kumdhihaki. Hakuna aliyewahi kumwekea mambo hayo mawili mezani kwa pamoja akamwambia achague, na hapo ndipo nitakapofika kwenye hoja ya nne.

Hoja ya pili: ukiifuata soksi utafika mwaka 1991

Tumchukulie mzee wangu amekuwa waziri mkuu kweli, ameketi mezani, anataka sheria yake. Kwa nini wakala hubadilisha watu? Kwa sababu hawakai. Kwa nini hawakai? Mshahara uko karibu na kima cha chini, na mara nyingi muda wa kusafiri kutoka nyumba hadi nyumba haulipwi ipasavyo. Kwa nini? Kwa sababu anayenunua saa zile ni halmashauri, na halmashauri hununua kwa bei inayoimudu. Pesa za halmashauri zinatoka wapi? Kutoka hazina kuu, ambayo mgao wake ulikatwa sana baada ya 2010, na kutoka kwenye bahasha ile ya kodi ya nyumba inayowaangukia mlangoni kila Machi, ambayo hapa sote tunaiita kaunsili taksi. Tangu 2016 halmashauri zimeruhusiwa kuiongezea asilimia maalumu kwa ajili ya kutunza wazee na watu wenye ulemavu. Itazameni bili yenu. Mstari huo upo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kodi hiyo ilianza 1993, na kila nyumba Uingereza ikawekwa kwenye daraja kuanzia A hadi H kulingana na bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Kazi ilikuwa ya haraka, kiasi kwamba nyumba nyingine zilithaminiwa kwa mtu kupita na gari barabarani bila kushuka. Tarehe hiyo haijabadilishwa hadi leo. Wales walithamini upya kwa bei za 2003. Uingereza na Scotland bado wanaishi 1991. Flati iliyojengwa mwaka jana hapa karibu na stesheni, mtu wa serikali alilazimika kuikisia ingekuwa na bei gani miaka ambayo pale palikuwa na ghala.

Daraja la juu kabisa, H, ni nyumba iliyozidi pauni 320,000 kwa bei za wakati ule, na hulipa mara tatu tu ya daraja A. Kasri yenye thamani mara 50 ya chumba cha kabwela hulipa mara tatu. Na kwa kuwa kila halmashauri hupanga kiwango chake, bili ya daraja H kule Westminster, iliko Downing Street yenyewe, imekuwa chini ya bili ya daraja D kule Hartlepool, mji wa bandari wa kaskazini mashariki ambako wazee ni wengi na pesa ni chache. Wenye mzigo mkubwa wa kutunza ndio wenye kikapu kidogo cha kukusanyia.

Kuna namba nyingine iliyoganda. Uingereza, ukihitaji kea na una akiba inayozidi pauni 23,250, unajilipia yote. Ukihamia nyumba ya wazee, thamani ya nyumba yako nayo huhesabiwa, isipokuwa mkeo au mumeo bado anaishi humo. Kiwango hicho hakijasogezwa tangu 2010. Kila mwaka bei zinapanda, na kiwango kikisimama pale pale kinawanasa watu ambao hakikuwakusudia. Ni kodi inayopandishwa bila mtu yeyote kunyanyua mkono bungeni.

Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza nyongeza kwa nyumba zenye thamani ya pauni milioni 2 na zaidi, kuanzia Aprili 2028. Ni hatua, sikatai. Nyumba nyingine zote zinabaki Aprili 1991.

Hoja ya tatu: mawaziri wanajua, na wanaogopa

Msidhani Downing Street hawayajui niliyoyasema. Wanayajua kuliko mimi. Nitapita haraka hapa.

Mwaka 1990 waziri mkuu Margaret Thatcher aliwaletea Waingereza kodi ya kichwa: tajiri na kibarua walipe sawa. Babu zetu waliijua kodi ya kichwa. Waingereza hawa hawa waliwatoza, na asiyelipa alikamatwa. Thatcher alipoileta kwao, Trafalgar Square ililipuka kwa ghasia tarehe 31 Machi, na Novemba yeye mwenyewe akawa ameondoka. Kaunsili taksi iliundwa kwa haraka kuzima moto huo, na hakuna aliyetaka kuugusa mkaa tena.

Mwaka 2011 kamati ya mchumi Andrew Dilnot ilishauri kuwe na kikomo cha pesa ambazo mtu atalipia kea katika maisha yake yote. Mei 2017 Theresa May, wakati huo waziri mkuu na mbunge wa jirani zetu Maidenhead, alitaka thamani ya nyumba ihesabiwe hata kwa wanaotunzwa wakiwa kwao. Wapinzani wake wakaibatiza kodi ya wenye ugonjwa wa kusahau. Siku nne baada ya ilani kutoka akarudi nyuma, na Juni 8 akapoteza wingi wa viti. Mrithi wake, Boris Johnson, aliahidi 2019 kulimaliza jambo hilo, akaja na tozo maalumu 2021. Warithi wake wakaifuta 2022 kabla haijazoeleka. Kikomo cha pauni 86,000 kilipangwa kuanza Oktoba 2023, kikasogezwa hadi 2025, kikafutwa Julai 2024. Ukihesabu, ni miaka 13 na mzee bado anavalishwa soksi na mgeni.

Mtauliza kama tatizo si mfumo wa kura. Kwa sehemu ndiyo. Uchaguzi wa Julai 2024, chama kilichopata chini kidogo ya asilimia 34 ya kura kilichukua zaidi ya viti 400 kati ya 650, na kingine chenye asilimia 14 kikapata viti vitano. Mbunge anayeshinda kwa tofauti ndogo jimboni hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake itathaminiwa upya. Lakini lazima niseme ukweli wote: makabwela waliulizwa. Tarehe 5 Mei 2011 walipewa kura ya maoni kuhusu kuubadili mfumo huo, na karibu asilimia 68 ya waliopiga wakasema usibadilishwe. Wenzangu vyuoni hupenda kulisahau hilo. Mimi siwezi kuja hapa kuwaambia kabwela ana hekima nikaficha siku alipojibu kinyume na nilivyotaka.

Hoja ya nne: kabwela aliyepewa muda

Hii ndiyo iliyonileta.

Katika majira ya kuchipua ya 2018, kamati mbili za Bunge zilikusanya watu 47 Birmingham kwa wikiendi mbili. Hawakuwa wataalamu wala wanachama wa kitu chochote. Walichaguliwa ili wafanane na nchi kwa umri, jinsia, asili na maoni. Swali walilopewa ni lile lililowashinda mawaziri: nani alipie matunzo ya wazee na watu wenye ulemavu Uingereza? Walikaa mezani vikundi vikundi, wakasikiliza wataalamu wanaopingana, wakasikiliza watunzaji na watunzwaji, wakahesabu gharama.

Wengi wao walichagua matunzo yatolewe kama matibabu, bila malipo pale mtu anapoyahitaji, na yalipiwe na umma kwa kodi, mradi fedha zitengwe ijulikane zinakwenda wapi. Walijua maana yake ni wao kulipa zaidi. Hilo walilipokea. Mtu yule yule ambaye kituoni angekwambia kodi ziko juu mno, ukimpa kiti, chai, hesabu na siku nne, anakubali kodi anayoielewa. Ripoti ilikwenda bungeni, kamati zikapendekeza mchango maalumu wa matunzo, na mambo yakaishia hapo.

Wala si jambo la kufikirika. Scotland huwapa wenye miaka 65 na zaidi huduma binafsi ya mwili bila malipo tangu Julai 2002. Ukihitaji kuoshwa na kuvalishwa Glasgow, hulipii. Ukivuka mpaka ukafika Carlisle, unapimwa mali.

Kuna atakayesema makabwela hawajui utawala. Hilo limesemwa zamani, na lina jibu la zamani. Mwaka 1838 mafundi na vibarua wa nchi hii waliandika Hati ya Watu yenye madai sita: kila mwanaume mwenye miaka 21 apige kura, kura iwe ya siri, mbunge asilazimike kuwa na mali, mbunge alipwe mshahara, majimbo yalingane, na uchaguzi uwe kila mwaka. Mwaka 1842 waliipeleka kwenye Bunge la Makabwela ikiwa na saini zaidi ya milioni 3. Wabunge wakakataa hata kuwasikiliza, kura 287 kwa 49. Miongoni mwa viongozi wao London alikuwa fundi cherehani mweusi, William Cuffay, mzaliwa wa Chatham, ambaye baba yake alitoka St Kitts na aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka 1848 alihukumiwa kupelekwa Tasmania, na huko ndiko alikofia, 1870.

Sharti la mali likafutwa 1858. Kura ya siri ikaja 1872. Mshahara wa wabunge, 1911. Wanaume wote, 1918. Na wanawake, ambao Hati yenyewe iliwaacha nje, wakapata haki sawa nao 1928. Majimbo yakasawazishwa taratibu. Limebaki dai moja tu, uchaguzi wa kila mwaka, na hilo hata mimi ningelipigia kura ya hapana. Orodha ya madai ya watu waliokejeliwa kuwa hawajui utawala ndiyo katiba wanayojivunia leo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la jioni hii ni hili. Kabwela akiingia Namba 10 kesho asubuhi, atabadili vitu vidogo vilivyo mguuni pake, na kila kimoja kitamvuta hadi kwenye namba iliyoganda ambayo wakubwa wameiogopa. Akiwa peke yake, ataogopa kama wao. Akiketi na wenzake 46 kwa siku nne, ataigusa. Ningekuwa mimi, hilo ndilo badiliko la kwanza: kila jambo lililoshinda serikali tatu mfululizo lipelekwe kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na Bunge lilazimike kulipigia kura jibu lao, ndiyo au hapana, hadharani.

Bi Mwenyekiti, namaliza. Serikali iliunda tume mwaka 2025, ikiongozwa na Louise Casey, kuhusu matunzo ya watu wazima, na taarifa yake ya mwisho inatarajiwa 2028. Uchaguzi mkuu lazima ufanyike kabla ya Agosti 2029 kwisha. Taarifa hiyo basi itaangukia mikononi mwa wanasiasa walio karibu na kampeni, na tumeona wanachofanya wakiwa na hofu. Wengi mliomo humu mtakuwa ndio mnaovalisha zile soksi, na baadhi yetu tutakuwa tunavalishwa.

Kuna jambo ambalo wengi wenu hamjaambiwa. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda anayeishi hapa kwa kibali halali, akiwa na miaka 18, ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa nchi hii, kwa sababu nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Hahitaji kuwa na pasipoti ya Uingereza. Ndugu zetu wa Congo, Burundi na Oman hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, na hilo nalo ni la kuuliza. Kwenye kituo cha kupigia kura utatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Pasipoti yako ya Dodoma au Nairobi inakubaliwa. Lakini kwanza jina lako liwe kwenye daftari la wapiga kura.

Vijana wawili wako pale mezani karibu na mlango wakiwa na kompyuta. Kujiandikisha huchukua dakika tano. Njooni na namba yenu ya Bima ya Taifa, ndiyo mtakayoulizwa, kisha tukale pilau.